Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuwafundisha watoto Kicherokee kwa nyimbo na vikaragosi

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na kwa miaka mingi nimefundisha nikiwa na kikaragosi mkononi. Nilipoanza kuwasimulia wenzangu jinsi Wacherokee wa Marekani wanavyopigania lugha yao kupitia watoto wadogo, maswali yalikuja mengi: ya walimu, ya wazazi walio ughaibuni, ya watu wanaoona lugha za bibi zao zikififia. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara.

Wacherokee ni nani?

Ni taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika. Nchi yao ya zamani ilikuwa milima na mabonde ya kusini-mashariki mwa Marekani, katika maeneo ambayo leo ni Georgia, Tennessee, North Carolina, South Carolina na Alabama. Mwaka 1830 ilipitishwa sheria ya kuwahamisha wenyeji, na mwaka 1838 na 1839 Wacherokee walikusanywa na wanajeshi wakapelekwa magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi. Inakadiriwa kwamba watu 4,000 hivi walikufa, wengi wao watoto na wazee. Safari hiyo inaitwa Njia ya Machozi.

Leo kuna serikali tatu za Wacherokee zinazotambuliwa na Marekani. Mbili makao yake yako Tahlequah, Oklahoma: Cherokee Nation, yenye raia zaidi ya 450,000, na United Keetoowah Band. Ya tatu ni Eastern Band ya North Carolina, ambayo ni ya uzao wa wale waliofanikiwa kubaki milimani kwao.

Watu ni wengi hivyo. Kwa nini lugha iko hatarini?

Kwa sababu raia ni wengi lakini wasemaji ni wachache, na wengi wa hao wachache ni wazee. Mwezi Juni 2019 serikali zote tatu zilikaa pamoja zikatangaza hali ya dharura ya lugha. Wakati huo walihesabiwa wasemaji wa asili kama 2,100 tu, na kila mwaka misiba inapunguza idadi hiyo.

Chanzo kikubwa ni shule. Kwa vizazi kadhaa watoto wa wenyeji wa Amerika walipelekwa shule za bweni ambako aliyesikika akiongea lugha ya mama yake aliadhibiwa. Wasomaji wangu wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Wengi wamesimuliwa na wazazi wao habari ya kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyeteleza ulimi. Mtoto aliyepigwa kwa sababu ya lugha akikua huwaepusha wanawe na kiboko hicho hicho. Anaongea nao Kiingereza kwa nia njema kabisa. Kizazi kimoja tu kikifanya hivyo, mnyororo umekatika.

Ndiyo maana kazi yote imeelekezwa kwa watoto wadogo. Mtu mzima anaweza kujifunza, na wapo wanaojifunza kwa bidii kubwa: Cherokee Nation ina mpango unaowaweka wanafunzi watu wazima pamoja na wazee kwa miaka miwili, kutwa nzima, kama kazi ya kuajiriwa. Lakini lugha inayorudi nyumbani kwa miguu yake yenyewe ni ile inayotoka kinywani mwa mtoto anayeomba maji.

Kicherokee ni lugha ya namna gani? Ni ngumu?

Kwa Mwingereza ni ngumu mno. Kwa Mswahili nathubutu kusema kuna milango ambayo tayari iko wazi.

Kicherokee ni cha familia ya lugha za Kiiroquois, na ndicho pekee kilichobaki katika tawi la kusini la familia hiyo. Nguvu yake yote iko kwenye kitenzi. Sisi tunasema “ninakupenda” kwa neno moja: ndani yake yupo mtenda, upo wakati, yupo mtendwa. Mcherokee naye anasema *gvgeyu*, neno moja, na hiyo *gv* ya mwanzo inabeba “mimi kwako” kwa mkupuo. Mtoto wa Kiingereza hulazimika kujifunza kwamba sentensi nzima inaweza kukaa ndani ya neno. Mtoto wetu amezaliwa analijua hilo.

Halafu kuna ngeli. Kicherokee hakina ngeli za nomino kama zetu, lakini vitenzi vya kushika, kumpa mtu kitu na kubeba hubadilika kulingana na kitu chenyewe: kiumbe hai, kitu laini kinachokunjika kama nguo, kitu kirefu kigumu kama fimbo, kitu cha majimaji, na kitu cha kawaida kilichoshikamana kama jiwe au tunda. “Nipe paka” na “nipe kijiti” hazitumii kitenzi kimoja. Nitarudi kwenye jambo hili, maana hapo ndipo kikaragosi anapopata kazi yake hasa.

Irabu ni sita. Tano ni zetu zile zile: a, e, i, o, u. Ya sita huandikwa *v* kwa herufi za Kirumi, lakini si v ya “vuta”. Ni sauti inayopitia puani, kama mtu anayeguna akiwa ameacha mdomo wazi kidogo.

Kwa nini nyimbo?

Jibu la kwanza kila mwalimu analijua: mtoto hachoki kurudia wimbo. Mwambie arudie orodha ya maneno kumi mara nne, atakimbia. Mwimbie, ataomba tena.

Lakini kwa Kicherokee kuna sababu ya pili, kubwa kuliko hiyo. Lugha hii ina toni na ina urefu wa irabu unaobadilisha maana. Neno la maji ni *ama*, na neno la chumvi ni *ama*. Ukiyaandika kwa mwandiko wao yanafanana kabisa, ᎠᎹ na ᎠᎹ. Kinachoyatenganisha ni namna sauti inavyovutwa. Karatasi haiwezi kumfundisha mtoto tofauti hiyo. Sikio ndilo linalofundishwa, na hakuna chombo cha kufundishia sikio kinachoushinda wimbo.

Kuimba nako si kitu kilicholetwa juzi. Wacherokee walikuwa na kitabu chao cha tenzi kilichochapwa New Echota, Georgia, mwaka 1829, kwa lugha yao na mwandiko wao. Makanisani ndiko lugha ilikojificha wakati shule zinaifukuza. Tangu mwaka 2000 Cherokee Nation ina kwaya ya vijana inayoimba kwa Kicherokee, na wapo wanakwaya ambao neno lao la kwanza la lugha ya mababu lilikuwa ubeti. Mwaka 2022 ikatoka albamu ya wanamuziki wa Kicherokee, nyimbo mpya tupu kwa lugha yao, kuanzia kantri na rege hadi hip hop na metali. Hilo la mwisho nalithamini kwa moyo wote. Mtoto anahitaji kujua kwamba lugha yake inaweza kuimba chochote, hata kile ambacho babu angeziba masikio.

Je, naweza kuchukua wimbo wa watoto wa Kiingereza nikaujaza maneno ya Kicherokee?

Wengi wanafanya hivyo, na kwa nambari au rangi haileti madhara makubwa. Mimi sishauri kuanzia hapo. Tuni ya Kiingereza imekatwa kwa kipimo cha maneno ya Kiingereza, mafupi na yenye mkazo. Ukiubana mwili wa Kicherokee humo, irabu fupi inavutwa, ndefu inakatwa, toni inapanda pale inapopaswa kushuka, na mtoto anaimba jina la kitu kingine. Anayejua Kihaya au Kikuyu ananielewa. Amesikia nyimbo za ibada zilizotafsiriwa ambazo neno zito limegeuka kuwa kichekesho kwa sababu ya tuni.

Njia iliyo salama ni hii. Mwombe mzee aseme sentensi jinsi anavyoisema nyumbani, mara tatu, bila kuimba. Mrekodi. Sikiliza inapanda wapi na inashuka wapi, kisha ukuze mpando huo huo kidogo tu mpaka uwe tuni. Nyimbo za namna hii huwa fupi, za noti tatu au nne, na watoto huzishika siku ile ile. Na kwa kuwa zimetoka kwenye maongezi, mtoto akiacha kuimba bado anaongea sawasawa.

Jambo dogo la kuangalia: katika maongezi ya haraka Wacherokee humeza irabu za mwisho, na hata za mwanzo, *osiyo*, salamu yao, kila siku husikika *siyo*. Kwenye wimbo imba neno zima. Mtoto akishalijua zima atalikata mwenyewe kama wakubwa. Aliyejifunza lililokatwa hawezi kubuni kipande asichokisikia.

Kuna nyimbo za Kicherokee ambazo hazifai darasani?

Zipo, na hapa nasema kwa msisitizo. Nyimbo za ngoma ya kukanyaga, ile inayochezwa usiku kuuzunguka moto mtakatifu, mwanamume akiongoza na wengine wakiitikia huku wanawake wakipiga mdundo kwa njuga za magamba ya kobe walizofunga miguuni, ni za mahali pale na watu wale. Vivyo hivyo nyimbo za uganga. Hata ukizikuta zimerekodiwa, kurekodiwa si ruhusa. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba kuna ngoma za harusi na kuna ngoma za ndani ambazo hazitoki nje ya mlango.

Unachoweza kuchukua ni umbo: mmoja anaanza, wengi wanaitikia. Umbo hilo ni la binadamu wote, na linamfaa mtoto mwenye haya kwa sababu hakuna anayemsikia peke yake.

Haya, na kikaragosi anafanya nini ambacho mwalimu hawezi?

Anafanya jambo moja ambalo mwalimu haliwezi hata akijitahidi: hajui Kiingereza.

Fikiria mtoto wa miaka minne Tahlequah. Anajua fika kwamba mwalimu wake anaelewa Kiingereza; amemsikia akiongea na mama yake mlangoni. Kwa nini ajisumbue kutafuta neno la Kicherokee wakati la Kiingereza liko mdomoni? Hakuna ukaidi hapo. Mtoto anatumia akili tu. Sasa mwalimu anamtoa sungura mfukoni. Sungura anaitwa Tsisdu. Anajua Kicherokee tu. Mtoto akimwambia jambo kwa Kiingereza, Tsisdu anainamisha kichwa, anamtazama mwalimu, anamtazama mtoto tena, haelewi. Hakuna anayemkemea mtoto wala kumrudisha nyuma. Kuna rafiki tu ambaye hajasikia, na mtoto mwenyewe ndiye anayetaka asikie.

Mimi nimeliona hilo kwa macho yangu, ingawa darasa langu lilikuwa la Kiswahili. Nilikuwa na mtoto aliyekaa muhula mzima bila kunijibu zaidi ya kutikisa kichwa. Siku nilipomleta kobe wa soksi, alimsogelea, akamwinamia sikioni, akamweleza kwamba nyumbani kwao kuna mbuzi amezaa mapacha. Sentensi nzima, na ya pili yake. Hakuwa ananiambia mimi. Mpaka leo nikikumbuka sauti ile ndogo naona kwamba nilichokuwa nimemnyima ni mtu wa ukubwa wake wa kuongea naye.

Kwa Wacherokee upungufu huo ndio shida yenyewe. Wasemaji wazuri ni akina bibi na babu. Watoto wana wazee wa kuwasikiliza lakini hawana wenzao wa kubishana nao. Kikaragosi anaziba pengo hilo kwa muda. Anabisha, anakosea, anaomba, anakataa, anasema *tla*, hapana, na *vv*, ndiyo.

Ni kweli kwamba Kicherokee ni rahisi kukisema bila kusogeza midomo?

Ni kweli, na ni zawadi kwa mwenye kikaragosi. Kicherokee hakina p, b, f wala v kama zetu. Sauti m ipo katika maneno machache tu. Maana yake ni kwamba karibu maneno yote hayahitaji midomo miwili kugusana. Jaribu kusema “baba amempa mama papai” ukiwa umeacha midomo wazi bila kuisogeza, hutaweza. Sema *gado detsado'a*, yaani jina lako nani, unaweza. Watu wa kuigiza sauti ya sanamu duniani kote huhangaika na b na p. Mwalimu wa Kicherokee anaanza akiwa amevuka kikwazo hicho.

Kuna faida ya pili kwa upande wa mtoto. Mdomo wa kikaragosi unajua kufunguka na kufunga tu, basi. Ukiufungua mara moja kwa kila silabi, mtoto anaona silabi kwa macho.

Silabi zina uzito gani hapo?

Uzito wa pekee, kwa sababu Wacherokee huandika kwa silabi. Sequoyah, fundi wa fedha ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikamilisha mwandiko huo yapata mwaka 1821. Taifa likaupokea rasmi mwaka 1825, na mwaka 1828 gazeti la Cherokee Phoenix likaanza kuchapwa New Echota kwa lugha mbili. Herufi zinazotumika leo ni 85, na karibu kila moja ni silabi kamili: Ꭰ ni a, Ꮉ ni ma, Ᏸ ni ye. Iliyo peke yake ni Ꮝ, ambayo ni s tupu.

Kwa hiyo piga kofi moja, fungua mdomo wa kikaragosi mara moja, onyesha herufi moja. Vitu vitatu vinakwenda pamoja. Walimu wetu wanaofundisha ba-be-bi-bo-bu wataona hapa ndugu wa karibu. Ila usiharakishe, miezi ya mwanzo iwe ya kusikia na kuimba, herufi zije mtoto akiwa tayari na maneno ya kuziweka.

Turudi kwenye vitenzi vya kumpa mtu kitu. Kikaragosi anasaidiaje?

Mpe kikaragosi njaa na mikono miwili. Aombe kila kitu kilichomo chumbani: kikombe cha maji, blanketi, kijiti, tufaha, paka wa kuchezea. Kila ombi lina kitenzi chake. Mtoto anayempa Tsisdu blanketi huku akisikia kitenzi cha vitu laini, halafu maji kwa kitenzi cha majimaji, anajenga ngeli hizo mkononi kabla hazijafika kichwani. Kanuni hatapewa, wala haihitaji. Watoto wetu hawakufundishwa kanuni ya “kikombe kimevunjika, sahani imevunjika”. Walivunja vyote viwili wakasikia wakubwa wakilalamika.

Hapo huzuka swali tamu: kikaragosi mwenyewe ni kiumbe hai au ni nguo? Angalia Kiswahili chetu. Kikiwa sandukuni nasema “kikaragosi kimechanika”. Nikishakivaa mkononi nasema “ameamka”. Lugha yenyewe inajua ni saa ngapi kitambaa kimepata roho. Mwulizeni mzee wa Kicherokee mbele ya watoto atumie kitenzi kipi anapompokea Tsisdu, na mwache aeleze kwa nini. Maswali ya namna hii huwafurahisha wazee kuliko kuulizwa “hiki kinaitwaje” mara mia.

Tuigize hadithi gani?

Ya moto ndiyo ningeanza nayo. Zamani dunia ilikuwa na baridi, na Ngurumo wakaweka moto ndani ya mti wenye tundu kisiwani. Wanyama wakajaribu mmoja mmoja. Kunguru akaenda, akaungua mpaka akawa mweusi. Bundi mdogo, Wahuhu, akachungulia, macho yakawa mekundu. Akaenda Uguku, bundi mwingine, naye akarudi na miduara ya majivu kuzunguka macho. Nyoka nao wakashindwa. Mwishowe buibui wa majini, Kananesgi Amayehi, akasokota uzi, akafuma kikapu kidogo, akakibeba mgongoni, akavuka akaweka kaa moja la moto ndani yake, akarudi.

Mwigizaji hapati kazi nzuri kuliko hii. Kila mnyama ana zamu yake, maneno yanajirudia, majina ya bundi ni milio yao, na anayeshinda ni mdogo kuliko wote. Kikaragosi wa buibui unamshona kwa glovu nyeusi na uzi mwekundu.

Tahadhari moja. Kwa Wacherokee, kama ilivyo kwetu, bundi anahusishwa na uchawi. Neno *tsgili* ni la bundi mwenye pembe na ni la mchawi pia. Zipo familia ambazo hazitapenda kikaragosi wa bundi aingie nyumbani. Waulize kwanza, na wakisita mweke kunguru peke yake, hadithi haitaanguka.

Ya pili ni ya kobe na sungura, na hapa msomaji wa Kiswahili atashtuka. Wanashindana mbio kuvuka vilele vinne vya milima. Kobe anawapanga wenzake wanaofanana naye, mmoja kila kilele, na kila sungura akifika anamwona kobe mbele yake akitokomea. Ndiyo, ni ile ile tuliyosimuliwa na bibi zetu, kobe akiwapanga ndugu zake njiani. Wataalamu wamebishana miaka mingi kuhusu asili ya hadithi za namna hii Amerika ya kusini-mashariki, ambako Waafrika waliofanywa watumwa waliishi karibu na wenyeji, na baadhi ya Wacherokee wenye mali wenyewe walimiliki watumwa Waafrika. Historia hiyo ina uchungu na haifai kupakwa sukari. Jukwaani, hata hivyo, hadithi inahitaji vikaragosi vinne vya kobe vinavyofanana kabisa, na watoto wanne wenye haya wanapata kazi kwa pamoja.

Vikaragosi vitengenezwe kwa nini?

Soksi inatosha. Kwa wanaotaka kukaa karibu na mikono ya Wacherokee wenyewe, yapo maganda ya mahindi, ambayo wamekuwa wakiyafunga kuwa wanasesere, na vibuyu vilivyokaushwa. Hindi kwao ni *selu*, na Selu ni jina la mama wa mahindi katika masimulizi yao, kwa hiyo ganda lenyewe tayari ni somo. Usitengeneze kikaragosi kwa kuiga vinyago vyao vya mbao vya ngoma. Hivyo vina mambo yake.

Mimi ni mzazi na sijui lugha. Nitaanzaje na mtoto wa mwaka mmoja?

Jifunzeni pamoja, na kikaragosi awe mwenyeji wenu. Chagueni saa moja ya siku, ile ile kila siku: kuoga, kula au kulala. Mtafutieni kikaragosi sentensi tano tu za saa hiyo. Asubuhi anaweza kuuliza *dohitsu?*, hujambo, na mjibu *osigwu, nihina?*, sijambo, na wewe? Akipewa kitu aseme *wado*, asante. Hizo tano zikishakaa, ongezeni mbili.

Majina ya jamaa yaingie mapema. Wacherokee huhesabu ukoo kwa mama, na koo zao ni saba. Mjomba wa upande wa mama, *edutsi*, kwa desturi ana uzito mkubwa katika malezi. Mwingereza ana neno moja kwa kaka wa mama na kaka wa baba. Sisi wenye mjomba na amu, shangazi na mama mdogo, hatuoni ajabu. Wape vikaragosi ujamaa huo. Wimbo wa “huyu ni nani kwangu” hauishi raha.

Rekodi na simu zinasaidia, au zinaharibu?

Zinasaidia kama zinambeba mzee hadi chumbani. Herufi za Kicherokee zimo kwenye viwango vya kompyuta tangu 1999, na simu za Apple zinaziandika tangu 2010, kwa hiyo mtoto anaweza kumtumia bibi ujumbe kwa ᏣᎳᎩ. Lakini simu haisubiri. Mtoto akinyamaza, video inaendelea. Kikaragosi anangoja.

Nani wa kunipa kibali? Mimi si Mcherokee.

Lugha ina wenyewe. Wanazo shule zao: ya Tahlequah iliyoanza 2001, ambako masomo hutolewa kwa Kicherokee, na New Kituwah Academy huko North Carolina. Wanacho pia kituo kikubwa cha lugha kilichofunguliwa Tahlequah mwaka 2022 na kupewa jina la Durbin Feeling, aliyetunga kamusi ya Kicherokee ya mwaka 1975. Ukitaka kufundisha, anza kwa kujitambulisha kwao. Kumbuka pia kwamba matamshi ya Oklahoma na ya North Carolina yanatofautiana; mfuate mzee mmoja, usichanganye kabla hujakomaa.

Wana neno *gadugi*, kufanya kazi pamoja kwa ajili ya wote, mfano wa msaragambo wetu. Mgeni anayekuja kubeba mawe hupokelewa tofauti na anayekuja kuchukua picha.

Njia hii ingefaa kwa lugha zetu ndogo?

Ingefaa, na hapa lazima nijiseme sisi. Kwa Wahadza kando ya ziwa Eyasi, ambao ni kama watu elfu moja, lugha kubwa inayoingia nyumbani ni Kiswahili. Kwa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo kule Laikipia ilikuwa Kimaasai, na leo wazee wanaoijua Kiyaaku wanahesabika kwa vidole. Mimi mwalimu wa Kiswahili nimewahi kumwambia mtoto “ongea vizuri” nikimaanisha “ongea kama mimi”. Sitasema tena hivyo. Ningependa kuona kikaragosi wa Kihadza asiyejua neno hata moja la Kiswahili, akiinamisha kichwa, akisubiri.

Mtoto wangu anaimba vizuri lakini akiulizwa haongei. Nifanye nini?

Usimuulize. Watoto wengi hukaa miezi wakikusanya kabla ya kutoa, na kumkaripia kunarefusha kimya. Mvue Tsisdu mkononi mwako, umvishe yeye. Kisha kaa chini, uwe wewe ndiye usiyejua jibu, na umwache sungura akufundishe.